Talaka, kutengana au matunzo tu? Njia nne kwa wanandoa wa Nyanda za Juu Kusini

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe sokoni Mwanjelwa au stendi ya Mafinga, ni hili: "Nikitaka baba awatunze watoto, si lazima nidai talaka kwanza?"

Si lazima. Na kwa kuwa wengi hawalijui hilo, nimeona akina mama wakivumilia miaka mitatu, minne, watoto wanalala na uji mtupu, huku mama akijiuliza kama yuko tayari kuvunja ndoa. Nimeona pia akina baba walioacha kutuma hela wakiamini kwamba mke akishafungasha na kurudi kwao, wajibu nao umefungashwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Mbeya. Kile watu wanachokiita "kesi ya ndoa" kwa kweli ni maswali matatu yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja: ndoa yenyewe, watoto, na mali. Kila swali lina mlango wake. Ukiyafungua kwa pamoja bila kujua, unaweza kutumia mwaka mzima kupigania jambo ambalo hukulihitaji, na lile la haraka likakaa linasubiri.

Sheria mbili ndizo zinazobeba mambo haya Tanzania Bara: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29) na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Ndani yake kuna njia nne ambazo watu wa huku hukwama katikati yake: makubaliano nje ya mahakama, maombi ya matunzo ya mtoto peke yake, kutengana kwa amri ya mahakama, na talaka.

Tupime kwa vigezo gani

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale: inagusa nini, karatasi unayotoka nayo ina nguvu gani, unatakiwa kuwa na nini mkononi kabla ya kuanza, watoto wanapata nini, mwenza na mali vinakuwaje, na inamfaa nani. Muda na gharama navyo vina uzito wake. Mtu anayetoka Makete au Ileje hupiga hesabu ya nauli kabla ya hesabu ya sheria, na ana haki ya kufanya hivyo.

1. Makubaliano: kikao cha ukoo, viongozi wa dini, ustawi wa jamii

*Inagusa nini.* Matumizi ya watoto, ada, nani abaki kwenye nyumba, watoto walale wapi likizo. Ndoa inabaki kama ilivyo.

*Nguvu yake.* Hapa ndipo watu hujidanganya. Karatasi iliyosainiwa mbele ya wazee, au hata mbele ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ni ushahidi mzuri, lakini si amri ya mahakama. Mwenzako akikaidi mwezi wa nne, huwezi kwenda kuomba mahakama iitekeleze karatasi ile kama hukumu. Unaanza mahakamani, na karatasi inakusaidia kuonyesha mlichokubaliana.

*Unachohitaji.* Watu wawili ambao bado wanaweza kukaa meza moja. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na orodha ya gharama halisi: chakula, sare, daftari, matibabu, kodi. "Atatoa anachoweza" ni sentensi iliyowaliza wengi. Andikeni kiasi, tarehe, na namba ya simu itakayopokea. Hela ikipita kwenye simu inaacha kumbukumbu, na hiyo humlinda baba pia, kwa sababu noti aliyompa mama mkononi pale Kabwe hataweza kuithibitisha.

*Watoto.* Hupata kwa haraka kuliko njia nyingine zote, kama pande zote zina nia.

*Mwenza na mali.* Hela ya matumizi ya mke inaweza kuandikwa humo. Kuhusu mali, sishauri shamba wala nyumba vigawanywe kwenye kikao cha jioni moja, mmoja akiwa na hasira na mwingine amezungukwa na kaka zake.

*Inamfaa nani.* Wale ambao heshima haijaisha. Haimfai kabisa mtu anayepigwa. Kama kuna kipigo, kwanza ni usalama: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), hospitali. Kikao cha "mvumilie mwenzako" kisitangulie. Sheria ya Ndoa inasema waziwazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

2. Maombi ya matunzo ya mtoto peke yake

Hii ndiyo njia isiyojulikana, na ndiyo ningependa watu wengi zaidi waifahamu.

*Inagusa nini.* Mtoto tu. Haiulizi kama mna ndoa, mmetengana, au hamkuwahi kuoana. Ndoa yako haitikisiki kisheria kwa sababu uliomba matunzo.

*Nguvu yake.* Amri ya Mahakama ya Watoto. Asipotii, unarudi kuomba itekelezwe, na kwa mtu mwenye ajira mahakama inaweza kuagiza fedha zikatwe kwenye mshahara.

*Unachohitaji.* Cheti cha kuzaliwa, maelezo ya gharama, na chochote kinachoonyesha kipato cha mwenzako: ajira yake, duka, bajaji, ekari anazolima. Hati ya baraza la usuluhishi, ambayo nitaieleza kwenye talaka, haihitajiki. Maombi yanaweza kuletwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima. Kwa hiyo bibi wa Kyela aliyeachiwa wajukuu watatu asiambiwe kwamba hahusiki. Anahusika.

Baba akikana mtoto, suala la uzazi huamuliwa kwanza, na kipimo cha vinasaba kinaweza kuagizwa. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda yake hapa Mbeya. Maombi ya kipimo hicho hupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii.

*Watoto.* "Ni asilimia ngapi ya mshahara?" Sheria haikuweka asilimia. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wa kila mmoja kufanya kazi, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ukitaja laki tatu kwa mwezi bila orodha, unaonekana unakisia. Ukileta orodha iliyopangwa, una cha kusimamia. Amri hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuendelea akiwa bado masomoni.

Kuna jambo linaniuma hapa. Wazazi hufanya watoto kuwa rehani: "hujatuma hela, humwoni mtoto", na upande wa pili "hunipi mtoto, situmi hela". Hayo ni mambo mawili tofauti. Baba aliyezuiwa kumwona mwanawe anaweza kuomba mahakama hiyo hiyo impangie siku za kumtembelea, na wakati akisubiri bado anatakiwa kumlisha.

*Mwenza na mali.* Hapati kitu kwa njia hii. Nyumba, shamba na matunzo ya mke vinabaki nje.

*Inamfaa nani.* Mwenye njaa ya leo ambaye hajaamua kuhusu ndoa. Na wale ambao ndoa haikuwahi kuwepo.

3. Kutengana kwa amri ya mahakama

*Inagusa nini.* Wajibu wa kuishi pamoja unaondolewa, ndoa inabaki. Hakuna anayekuwa huru kufunga ndoa nyingine kana kwamba hii imekwisha.

*Nguvu yake.* Ni amri kamili. Wapo pia wanaoandika mkataba wa kutengana wenyewe. Mkataba unatambulika, ila amri ina meno zaidi.

*Unachohitaji.* Ushahidi kwamba ndoa imevunjika: ukatili, kutelekezwa, ugoni na mengineyo. Sharti la kupitia baraza la usuluhishi na lile la ndoa kufikisha miaka miwili yamewekwa kwa talaka. Aliyeolewa mwaka jana na tayari anateseka, njia hii iko wazi kwake.

*Watoto.* Mahakama inaweza kuamua wakae na nani na watunzwe vipi.

*Mwenza na mali.* Watu hushangaa wakisikia hili: mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa pamoja hata kwa amri ya kutengana, na inaweza kumwamuru mume amtunze mke. Mke naye anaweza kuamriwa amtunze mume, kama mume hajiwezi kwa ulemavu au maradhi.

*Inamfaa nani.* Mkatoliki wa Tosamaganga, Mlutheri wa Njombe au Mmoravian wa Rungwe ambaye dhamiri yake haimruhusu talaka lakini nyumba haikaliki. Inawafaa pia wanaotaka nafasi ya kupumua kabla ya uamuzi wa mwisho. Kwa anayetaka kuoa au kuolewa tena, ni kuahirisha tu.

4. Talaka

*Inagusa nini.* Vyote vitatu: ndoa, watoto, mali.

*Nguvu yake.* Ni hukumu inayovunja ndoa. Inaweza kuombwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Ndoa ya kanisani pia husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na wengi huku ndiko wanakoanzia kwa sababu iko karibu na mtu anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili.

*Unachohitaji.* Kwanza, ndoa iwe imefikisha miaka miwili, au upate ruhusa ya mahakama kwa kuonyesha mateso yasiyo ya kawaida. Pili, upitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini kama BAKWATA na kanisa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo iwe haijapita miezi sita siku unayofungua shauri.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu hapa ndipo mashauri mengi hufia. Baraza halivunji ndoa. Baraza haligawi mali. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa liandike hivyo, kwenye fomu yake. Watu hupewa barua ya "nendeni mahakamani" isiyosema usuluhishi ulifanyika lini wala kwamba ulishindikana, wanaipokea kwa shukrani, na mwaka unaofuata shauri linafutwa kwa kuletwa kabla ya wakati. Mengine hufutwa kwenye rufaa, baada ya shamba kugawanywa na mmoja wao kuoa tena. Kabla hujaondoka ofisini, soma hati: majina yenu yako sawa? Inasema baraza limeshindwa kuwapatanisha? Imesainiwa na mwenyekiti?

Zipo hali ambazo baraza linarukwa: mwenza ametoroka na hujui alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, amekataa kwa makusudi kufika barazani, anatumikia kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi, ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama imeridhika kwamba kuna sababu ya pekee. Kwa wake wa madereva waliovukia Tunduma na kupotea Zambia au Kongo, mbili za kwanza huwahusu sana.

Tatu, uthibitishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, ukatili, kutelekezwa miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa hiari miaka mitatu au zaidi, ni miongoni mwa ushahidi unaokubalika. "Mume wangu amekataa kunisainia talaka" si kizuizi. Anayeamua ni hakimu. Na kwa waliooana Kiislamu, talaka iliyotamkwa nyumbani bado inahitaji kupita barazani na mahakamani ili itambulike kisheria.

*Watoto.* Maslahi ya mtoto hutangulia. Kwa aliye chini ya miaka saba sheria inachukulia kuwa ni vema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Aliye mkubwa kiasi cha kujieleza husikilizwa. Matunzo yanaweza kuamriwa humo humo.

*Mwenza na mali.* Matunzo ya mke baada ya talaka yanaweza kuombwa. Hakimu hupima uwezo na mahitaji, nani alichangia kiasi gani kuvunjika kwa ndoa, na desturi za jamii yao. Akiolewa tena, yanakoma. Kuhusu mali, hugawanywa ile iliyochumwa kwa jasho la pamoja, kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Nusu kwa nusu si kanuni. Kazi za nyumbani nazo ni mchango: Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mama aliyepika, aliyelea na kupalilia asikubali kuambiwa "wewe hukuleta hata bati".

*Inamfaa nani.* Ambaye uamuzi umekomaa, au ambaye mali yake iko hatarini kupotezwa. Ndiyo njia ndefu kuliko zote na inayodai ushahidi mwingi.

Mambo ya huku kwetu yanayobadilisha hesabu

*Mapato ya msimu.* Mkulima wa viazi Umalila au wa mpunga Usangu hashiki mshahara tarehe 30. Anashika hela nyingi baada ya mavuno, kisha miezi inapita mikavu. Kiwango cha kila mwezi kikiwekwa kama cha mwalimu, mwezi wa pili tu baba amekuwa mdaiwa, na wote wawili wanachoka. Mkiwa kwenye makubaliano, au mkieleza mahitaji yenu kwa hakimu, pendekezeni mpango unaofuata shamba: ada na sare zilipwe mavuno yanapouzwa, magunia kadhaa ya mpunga au mahindi yapelekwe moja kwa moja, na kiasi kidogo cha fedha kila mwezi kwa chumvi, sabuni na matibabu. Nimeona mipango ya aina hii ikidumu kuliko ile ya tarakimu moja kubwa.

*Miti.* Mufindi na Njombe, utajiri wa wengi umesimama ardhini: misindano na mikaratusi isiyofikia kuvunwa. Watu hugawana vitanda na makochi, wakasahau ekari nne za miti waliyopanda pamoja. Itajeni kwenye orodha ya mali: iko kijiji gani, mipaka yake, ekari ngapi, ilipandwa mwaka gani. Inaweza kuthaminiwa sasa, au mkaomba iandikwe kwamba itakapovunwa kila mmoja achukue sehemu fulani. Miparachichi ni hivyo hivyo.

*Shamba la ukoo.* Kama ardhi bado ni ya baba mkwe, haigawanywi kama yenu. Kama ilikuwa ya mume kabla ya ndoa, na mkaiendeleza kwa kiasi kikubwa pamoja, sheria inaruhusu kuhesabu maendelezo hayo. Weka risiti za saruji na bati, na kumbuka mafundi waliojenga, maana hao ndio mashahidi. Na nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Ukisikia dalali anazunguka, wahi mahakamani kuomba zuio.

*Mahari.* "Ng'ombe hawakumalizika, kwa hiyo hakuna ndoa." Si kweli: upungufu wa mahari haubatilishi ndoa. Na "rudisha ng'ombe ndipo uchukue watoto" haifuti kigezo cha maslahi ya mtoto.

*Ndoa isiyo na cheti.* Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawajua kama mume na mke, sheria inadhania mmeoana. Ni dhana, inaweza kupingwa. Lakini hata ikipingwa ikashindwa kusimama, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Kwa hali yako

Watoto hawana chakula wala ada, na hujui unataka nini kuhusu ndoa: anza na ustawi wa jamii wiki hii. Akikaidi, nenda Mahakama ya Watoto. Ndoa utaifikiria ukiwa na utulivu.

Mnaelewana bado, mmeshindwa tu kuishi pamoja: andikeni makubaliano yenye kiasi na tarehe, kisha mwone kwa miezi sita kama yanashikika.

Unapigwa au unatishiwa: Dawati kwanza, na mahali salama pa kulala. Baada ya hapo ndipo uchague kati ya kutengana na talaka. Eleza baraza mapema kwamba kuna ukatili.

Ndoa haijafikisha miaka miwili: kutengana, isipokuwa mateso ni makubwa kiasi cha kuomba ruhusa ya talaka.

Imani yako hairuhusu talaka lakini mali inaliwa: kutengana kwa amri, pamoja na ombi la mgawanyo.

Mwenza ametoweka miaka mitatu na zaidi: talaka, ukieleza mahakama kwa nini hukupita barazani. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mashahidi wanaojua lini alionekana mara ya mwisho.

Wewe ni baba, na unaogopa kunyang'anywa watoto: endelea kutuma matunzo kwa simu kila mwezi, tunza kumbukumbu, na uombe siku za kuwaona. Hakimu atataka kujua ulikuwa wapi walipokuwa wakikuhitaji, na kumbukumbu hizo zitakujibia.

Huna hela ya wakili: uliza halmashauri au mahakama ilipo huduma ya msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma hiyo hutolewa bure. Njoo na vyeti, hati ya baraza kama unayo, na orodha yako ya gharama iliyoandikwa kwa mkono wako.